Wahafidhina na sheria ya mataifa: mashaka yanatoka wapi, na sisi wa Fizi tunayapimaje?

Katika makutaniko yetu ya Kilembwe na ya sekta nzima ya Lulenge kuna swali linaloulizwa baada ya ibada, na si mara moja tu: je, Mkristo aziunge mkono mahakama za kimataifa, au azikatae? Wanaouliza si watu wabaya. Wengine wamesikiliza kwenye simu mahubiri ya mbali yanayosema kwamba Umoja wa Mataifa ni mlango wa serikali moja ya dunia, ile itakayomtangulia Mpinga Kristo. Wengine wamesikia redioni kwamba Marekani, nchi iliyotuletea wamisionari wengi, imewawekea vikwazo mahakimu wa mahakama ya The Hague, ile tunayoiita CPI. Na wengine wanasema kwa uchungu mtupu: ONU ilifika Kongo mwaka 1999, ikaondoka Kivu Kusini mwezi wa 6 mwaka 2024, na katika miaka hiyo yote tumezika watu wetu.

Tumeona vema kulieleza jambo hili polepole, kwa sababu majibu mawili yanayotolewa kwa haraka hayatutoshi. La kwanza husema sheria ya kimataifa ni ya shetani. La pili husema kila anayeitilia mashaka ni adui wa haki. Mashaka hayo yana ukoo wake, yana wazee wake na vitabu vyake, na baadhi ya hoja zake ni nzito. Lakini zilizaliwa katika nchi ambazo mahakama zake zinafanya kazi. Zikivushwa bahari na kuletwa Lulenge, ambako mwenye kesi ya kijeshi anaitafuta mahakama yake hadi Uvira, uzito wake hubadilika.

Mhafidhina ni nani

Neno lenyewe ni ndugu wa neno kuhifadhi. Mhafidhina ni mtu anayeamini kwamba familia, dini, desturi na taasisi za zamani zimebeba hekima ambayo kizazi kimoja hakiwezi kuibuni upya mezani. Haipendi mipango mikubwa inayochorwa mbali kisha kushushwa kwa watu. Kwa maana hiyo wengi wetu ni wahafidhina bila kujiita hivyo. Mtu wa Kilembwe anayetaka shauri la shamba lipite kwanza kwa wazee na kwa shefu, kabla ya kufika kwa hakimu asiyeijua mipaka ya mababu, anafikiri kihafidhina, na mara nyingi ana haki.

Mtu wa namna hiyo akiletewa sheria ya kimataifa huuliza: nani ameitunga, na akikosea, nani atamwondoa? Mbunge mbaya tunaweza kumnyima kura. Shefu mbaya tunajua anakolala. Hakimu aliyechaguliwa na wajumbe wa nchi zaidi ya mia moja, anayeishi katika mji tusioujua, tutamfikia kwa njia gani? Swali hili si la kipumbavu, na katika Marekani ndilo lililojenga msimamo wote.

Marekani: sheria itoke kwa watu wanaoitii

Tarehe 20/1/2000, Seneta Jesse Helms, Mbaptisti wa jimbo la North Carolina, alikwenda mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akawaambia mabalozi uso kwa uso kwamba Wamarekani hawatakubali chombo chochote kijiweke juu ya katiba yao. Kwake yeye mamlaka hupanda kutoka kwa watu. Hayashuki kutoka kwa jumuiya ya mataifa. Rais Clinton alitia sahihi mkataba wa Roma, ulioanzisha CPI, siku ya mwisho ya mwaka huohuo. Tarehe 6/5/2002 serikali ya Rais Bush ilipeleka barua, yenye mkono wa John Bolton, kusema kwamba Marekani haina nia ya kuwa mwanachama. Mwezi wa 8 ikapitishwa sheria inayomruhusu Rais kutumia njia zote za lazima kumtoa Mmarekani yeyote atakayeshikwa na mahakama hiyo. Watu waliipa jina la utani: sheria ya kuivamia The Hague.

Hoja zao tuziseme kwa haki. Katiba ya Marekani inampa mshitakiwa haki ya kuhukumiwa na baraza la raia wenzake. CPI haina baraza hilo. Mwendesha mashitaka wa CPI anaweza kuanzisha uchunguzi kwa ruhusa ya mahakimu, bila kuombwa na nchi yoyote, na wahafidhina waliona hapo hatari ya mtu mmoja asiyepigiwa kura na wananchi kushika rungu juu ya mataifa. Pia walisema nchi inayotuma askari wengi nje ndiyo itakayoshitakiwa zaidi, tena kwa sababu za siasa.

Lakini sheria hiyohiyo ya mwaka 2002 ina kifungu ambacho wahubiri wa simu hawakitaji. Kinaruhusu Marekani kusaidia wageni walioshitakiwa kwa mauaji ya kimbari au makosa ya vita wafikishwe mbele ya haki. Ndiyo maana Bosco Ntaganda, alipojisalimisha kwenye ubalozi wa Marekani mjini Kigali mwezi wa 3 mwaka 2013, hakufukuzwa mlangoni. Alisafirishwa hadi The Hague, na mwaka 2019 akahukumiwa miaka 30 kwa makosa yaliyofanywa Ituri. Kwa lugha nyepesi: mahakama haitufai sisi, ila yaweza kuwafaa ninyi. Kuna kiburi ndani yake, hatukatai. Lakini mtu wa Ituri hakulalamika.

Siku za karibuni mambo yamekuwa makali zaidi. Tarehe 6/2/2025 Rais Trump alitoa amri ya vikwazo dhidi ya CPI, hasa kwa sababu ya hati za kukamatwa viongozi wa Israeli, na mwendesha mashitaka Karim Khan akawa wa kwanza kuguswa. Mwezi wa 6 wakafuata mahakimu wanne, mmoja wao jirani yetu, Mama Solomy Balungi Bossa wa Uganda. Vikwazo hivyo ni kufungiwa mali iliyo Marekani na kukatwa kwenye mabenki, namna ileile wanavyotendewa wakubwa wa makundi ya silaha. Na hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Tarehe 20/2/2025, wiki mbili tu baada ya amri ile, serikali hiyohiyo ilimwekea vikwazo vya aina hiyohiyo James Kabarebe, waziri wa Rwanda, kwa sababu ya kuisaidia M23. Sisi Fizi tulifurahia habari ya pili, na ya kwanza hatukuisikia vizuri. Chombo ni kimoja. Mhafidhina wa Washington hakatai kwamba uovu uadhibiwe. Anataka aadhibu yeye, kwa sheria ya nchi yake, siku anayoichagua, na aweze kusamehe siku anayoichagua.

Kwa njia hiyo pia tuelewe mapatano ya Kongo na Rwanda yaliyotiwa sahihi Washington tarehe 27/6/2025. Yanasema juu ya majeshi, mipaka, kundi la FDLR na uchumi. Ni biashara ya serikali na serikali. Wajane wa Kivu hawamo ndani yake kama watu wenye madai, na hiyo si bahati mbaya ya mwandishi: katika mawazo hayo amani huletwa na wenye nguvu wakipatana maslahi, na mahakama ikiingia mapema huonekana kama inaharibu mazungumzo.

Uingereza, na ndugu zetu wa Nyarugusu

Waingereza wana njia nyingine ya kufika palepale. Kwao hakuna sheria iliyo juu ya bunge. Wahafidhina wao hawakuwa maadui wa sheria ya mataifa tangu mwanzo: David Maxwell Fyfe, mwanasiasa wa chama cha Conservative aliyewahoji wakubwa wa Hitler kwenye kesi ya Nuremberg, alikuwa mmoja wa waliouandika Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa mwaka 1950. Aliuona kama ngome ya kuzuia Ukomunisti na ufashisti. Mwezi wa 10 mwaka 2025 chama chake hichohicho kilitangaza kwamba kikirudi madarakani kitaitoa Uingereza katika mkataba huo.

Kilichowageuza ni jambo linalotuhusu. Mwaka 2022 serikali yao ilipanga kuwapeleka Rwanda watu wanaoomba hifadhi. Tarehe 15/11/2023 Mahakama Kuu ya Juu ya London ikasema kwa sauti moja kwamba mpango huo haufuati sheria, kwa kuwa kuna hatari watu hao warudishwe kule walikokimbia mateso. Bunge likajibu mwezi wa 4 mwaka 2024 kwa kupitisha sheria inayotamka kwamba Rwanda ni salama, kana kwamba usalama wa nchi huamuliwa kwa kupiga kura. Serikali mpya iliuacha mpango huo mwezi wa 7.

Kanuni iliyokuwa mezani London, ya kutomrudisha mkimbizi kwenye hatari, ndiyo inayowalinda ndugu zetu walioko kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, ambao wengi wao ni watu wa Fizi. Ndiyo pia inayowalinda Warundi walio kwetu Lusenda. Sisi tumesimama pande zote mbili za kanuni hiyo, kama wageni na kama wenyeji. Mhafidhina wa Kent anayeona mashua zikifika ufukweni mwake anaiona kama kamba inayomfunga mikono. Mama aliyevuka Tanganyika usiku na watoto hana cha kushika isipokuwa kamba hiyo.

Mamlaka ya nchi kama ngao

Tusidhani kwamba mashaka haya ni ya wazungu peke yao. Burundi ilijitoa CPI tarehe 27/10/2017, ikisema mahakama hiyo inawaonea Waafrika. Rwanda haijawahi kujiunga. Mobutu naye alijua kuimba uhalisi na mamlaka ya taifa: mwaka 1972 akawanyima Wakongo hata majina yao ya ubatizo, na aliyelalamika nje ya nchi akaitwa kibaraka. Kuna uhafidhina wa kweli unaotaka kulinda watu na desturi zao. Kuna pia mtawala anayevaa vazi hilo ili asiulizwe.

Na wa kwanza kulivaa katika ardhi hii alikuwa mgeni. Wamisionari Waprotestanti walipoanza kuandika juu ya mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa kwa sababu ya mpira, watu wa Mfalme Leopold walijibu kwamba Kongo ni dola huru na mambo yake ya ndani hayawahusu wengine. Wamisionari wakaishika Hati ya Berlin ya mwaka 1885, ambamo mataifa yaliahidi kuwalinda wenyeji. Mama Alice Seeley Harris, Mbaptisti Mwingereza, alipiga mwaka 1904 picha ya baba mmoja aitwaye Nsala akitazama mabaki ya mtoto wake. Picha hiyo ilizungushwa makanisani Uingereza na Marekani. William Sheppard, mchungaji Mpresbiteri mweusi kutoka Marekani, alishitakiwa Léopoldville mwaka 1909 kwa kuandika aliyoyaona Kasai, akashinda kesi. Hati ile ya Berlin ilikuwa na unafiki mwingi, kila mtu anajua. Lakini ahadi iliyoandikwa, hata na mnafiki, ni kitu ambacho mtu anaweza kukishika na kuuliza: mbona mlisema?

Kwa hiyo Mprotestanti wa Kongo anayesema sheria ya mataifa ni kitu cha kigeni kwa imani yetu ajue kwamba wazee wetu waliitumia kabla hata ONU haijazaliwa. Tukirudi nyuma zaidi tunamkuta Hugo Grotius, Mholanzi mwenye imani ya Matengenezo. Aliwekwa gerezani kwa ajili ya mabishano ya kanisa, akatoroka mwaka 1621 akiwa amefichwa ndani ya sanduku la vitabu kwa mpango wa mke wake. Miaka minne baadaye akachapisha Paris kitabu chake juu ya sheria ya vita na amani, ambacho mpaka leo wanasheria hukitaja kama moja ya nguzo za mwanzo.

Mzee wa wahafidhina aliyesema vinginevyo

Wahafidhina wengi wa lugha ya Kiingereza humhesabu Edmund Burke kuwa baba yao. Ndiye aliyeandika mwaka 1790 dhidi ya mapinduzi ya Ufaransa, akitetea desturi na taasisi za zamani. Lakini Burke huyohuyo alitumia miaka mingi ya maisha yake kumshitaki mbele ya mabwana wa bunge Warren Hastings, aliyekuwa gavana wa Waingereza huko Bengal, kwa mateso na unyang'anyi. Kesi ilidumu tangu 1788 mpaka 1795. Hastings alijitetea kwamba mambo ya Asia hayapimwi kwa kipimo cha Ulaya. Burke alikataa kabisa. Kwake hakuna maadili yanayobadilika kwa kuvuka bahari; ukatili ni ukatili mbele za Mungu, uwe umefanywa London au kando ya mto Ganges. Alishindwa kesi ile. Hastings aliachiliwa.

Sisi tunaona kwamba hapa ndipo njia mbili za kihafidhina zinapoachana. Moja inauliza: sheria hii imetoka kwetu? Nyingine inauliza: sheria hii ni ya kweli kwa watu wote, na ni ya zamani kuliko serikali zetu? Anayemwamini Mungu Muumba hawezi kulikwepa swali la pili. Nabii Amosi, kabla ya kuwageukia Yuda na Israeli, aliwataja majirani mmoja mmoja. Waamoni aliwashitaki kwa kuwapasua wanawake wajawazito wa Gileadi ili wapanue mipaka yao. Moabu aliwashitaki kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu. Edomu si Israeli, wala Moabu hawakupewa torati ya Musa. Kwa sheria gani basi walihukumiwa? Kwa hiyo ambayo hawakuitunga, wala hawakuitia sahihi.

Baraka, mwaka 2011

Sasa tuje nyumbani. Usiku wa tarehe 1/1/2011 askari wa jeshi la Serikali waliingia mji wa Fizi, wakapora na kubaka wanawake wengi. Mwezi wa 2 mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka na kusikiliza kesi hiyo kwa siku chache, kwa msaada wa Chama cha Mawakili wa Marekani na fedha za shirika la Open Society. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Luteni kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 kwa makosa dhidi ya binadamu, pamoja na maofisa wengine. Askari wadogo wakapata vifungo vifupi zaidi.

Tulitazame tukio hilo kwa macho ya mhafidhina. Mahakimu walikuwa Wakongo. Mahakama ilikaa karibu na watu walioumizwa, mbele ya jamaa zao, katika lugha wanayoielewa. Mshitakiwa alikuwa mtu wa jeshi la nchi yenyewe. Hakuna aliyepelekwa Ulaya. Ni nini zaidi ambacho mpenda mamlaka ya nchi angetaka? Na bado kosa lenyewe, jina lake na vipimo vyake, lilichukuliwa kutoka mkataba wa Roma, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002. Katiba yetu ya 2006 inaruhusu jambo hilo: kifungu cha 215 kinaiweka mikataba iliyoridhiwa juu ya sheria za kawaida, na kifungu cha 153 kinaziruhusu mahakama, za kiraia na za kijeshi, kuitumia. Raia walipiga kura ya maoni juu ya katiba hiyo mwezi wa 12 mwaka 2005. Basi sheria ya kimataifa iliyotumika Baraka iliingia Kongo kupitia mlango ambao Wakongo wenyewe waliufungua.

CPI yenyewe imewekewa mpaka huo. Haitakiwi kuingia pale ambapo nchi inaweza na inataka kuhukumu. Ni kama mzee wa ukoo anayeitwa tu baba wa nyumba akishindwa au akikataa kuamua. Katika mambo ya mataifa huo ni utaratibu wa kihafidhina sana, ingawa watetezi wake hawapendi kuuita hivyo.

Hata hivyo mtu wa Kilembwe anaweza kutujibu: mahakama ilitembea ikafika Baraka, huku kwetu machimboni na misituni ilifika lini? Ana haki kuuliza. Mahakama ya kutembea inahitaji barabara, mafuta na ulinzi, na fedha zake nyingi zilitoka nje. Fidia zinazoamriwa dhidi ya Serikali mara nyingi hazilipwi. Na CPI ilipofufua uchunguzi wake wa Kongo mwezi wa 10 mwaka 2024, ilitaja zaidi Kivu Kaskazini.

Pale mlango ulipofungwa

Kuna kifungo kingine kigumu zaidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1/10/2010, ile inayoitwa Mapping, inaeleza matukio 617 ya kati ya mwaka 1993 na 2003. Ndani yake imo Makobola, ambako watu zaidi ya 800 waliuawa kuanzia tarehe 30/12/1998 mpaka 2/1/1999 mikononi mwa waasi wa RCD na washirika wao kutoka majeshi ya nchi jirani. Imo pia Lueba, ambako mwezi wa 9 mwaka 1996 raia Banyamulenge waliuawa na watu wenye silaha wa upande wa kwetu. Tunataja yote mawili kwa makusudi. Anayeisoma ripoti hiyo akitafuta wafu wake tu hajaisoma. CPI haiwezi kugusa hata moja kati ya hayo, kwa sababu uwezo wake unaanza tarehe 1/7/2002.

Kongo ilijaribu kwingine. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, CIJ, ambayo huamua mambo ya nchi na nchi, iliihukumu Uganda mwaka 2005, na tarehe 9/2/2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325, kwa mafungu ya milioni 65 kila mwaka. Lakini kesi dhidi ya Rwanda ilifutwa tarehe 3/2/2006 bila mauaji yenyewe kujadiliwa. Sababu? Rwanda haikuwa imekubali mahakama hiyo iihukumu, na bila kukubali kwake mahakimu hawana uwezo. Kanuni hii, kwamba nchi haifungwi na isichokikubali, ni ileile aliyoitetea Seneta Helms. Kwake North Carolina ililinda uhuru wa raia. Makobola ilifunga mlango.

Hofu ya familia na hofu ya mwisho wa dunia

Limebaki jambo ambalo waamini wetu hulisema kwa sauti ya chini: kwamba kwa kukubali mikataba tutalazimishwa mambo yanayopinga Maandiko juu ya ndoa na mimba. Hofu hii si ya kuchekwa. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 juu ya haki za wanawake, katika kifungu cha 14, inaruhusu kutoa mimba kwa hali kadhaa, zikiwemo za kubakwa na hatari kwa maisha ya mama. Kongo iliichapisha katika gazeti rasmi mwezi wa 3 mwaka 2018. Ni haki ya makanisa kuijadili, na wanaoipinga wana nafasi ya kusema. Lakini tuangalie: itifaki hiyo ni ya Umoja wa Afrika, haikuletwa na wazungu, na mkataba una njia ya kutoa pingamizi kwa kifungu kimoja wakati wa kuridhia. Hakuna mkataba wa dunia nzima unaoilazimisha Kongo kubadili ndoa, na katiba yetu katika kifungu cha 40 inasema wazi kwamba mtu huoa au huolewa na mtu wa jinsia nyingine. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 16, linaiita familia msingi wa jamii. Na kifungu cha 18, kinacholinda uhuru wa kuabudu na hata wa kubadili dini, kilipiganiwa na mchungaji Mlutheri, Frederick Nolde, kwa niaba ya makanisa ya Kiprotestanti. Anayeichoma sheria yote kwa ajili ya kifungu kimoja anachoma na hicho.

Juu ya Mpinga Kristo tutasema machache. Mahakama isiyo na polisi wake hata mmoja, inayosubiri nchi zimkamate mshitakiwa, ambayo mahakimu wake wanaweza kufungiwa akaunti za benki kwa sahihi moja ya Washington, hailingani na mnyama wa Ufunuo anayetawala kila kabila na lugha. Paulo alipoona Festo anataka kumrudisha Yerusalemu, alidai kesi yake iende kwa Kaisari, na huyo Kaisari alikuwa Nero. Aliitumia sheria ya Roma bila kuiabudu Roma.

Tukirudi kwa kazi ya siku zote, kuna mambo mawili ambayo wachungaji wa Kilembwe na vijiji vyake wanapaswa kuyajua. Tarehe 26/6/2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilisema ina uwezo wa kuisikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda, hivyo mlango uliofungwa The Hague mwaka 2006 umefunguka kidogo upande wetu wa bara. La pili ni kwamba makosa dhidi ya binadamu, kwa mkataba wa Roma ambao nchi yetu iliuridhia, hayafutwi na muda kupita. Makanisa mengi yana daftari za ubatizo na za mazishi. Pale ambapo daftari za miaka ya vita bado zipo, zifungwe kwenye plastiki, ziwekwe mbali na mchwa na moto, na nakala moja ikae nje ya kijiji. Jina la marehemu, tarehe, mahali, nani aliyeona. Liandikwe la mtu wa kabila letu na la mtu wa kabila lingine, kwa kalamu ileile.